Tulivyojifunza Kuujua Mlenda

Akina mama wenzetu, haya tunayoyaandika yalitutokea sisi wenyewe, majirani wanne tunaoishi Mbagala, wilaya ya Temeke, katika nyumba zilizobanana kiasi kwamba mmoja akikaanga vitunguu wote wanne tunajua anapika nini. Mmoja wetu hakutaka habari hii iandikwe. Baada ya miezi mingi kupita ni yeye huyo aliyesema, "Iandikeni, lakini andikeni 'sisi', msimtaje fulani." Basi tumeandika sisi.

Masika ya mwaka juzi yalikuwa mazito. Njia ya kwetu iligeuka mfereji, na vijana wanaopitisha mboga kwa baiskeli wakaadimika. Fungu la mchicha ambalo siku zote linatosha watu watano lilipungua likawa kama shada la bibi arusi, na bei yake ikawa mara mbili. Kila mwenye jiko anaijua hesabu ya namna hiyo. Unga upo, dagaa wapo, lakini kitu cha kijani cha kuwapa watoto hakuna.

Katika nyumba ya mwenzetu mmoja alikuwapo binti wa kazi, umri wake miaka 19, aliyetoka kijiji kimoja cha Kondoa. Hakuwa msemaji. Nyuma ya nyumba zetu kuna kiwanja ambacho mwenyewe amekizungushia nguzo tu akakiacha, na mvua ikinyesha huota majani ya kila aina hadi magotini. Sisi tulikiona kuwa ni makao ya nyoka na tulikuwa tukiwakataza watoto kuingia. Siku moja jioni binti alitoka humo na kanga imejaa majani mabichi, akatukuta tumekaa barazani. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamooni mama zangu. Mlenda mnaukanyaga huu."

Tulicheka, kicheko cha watu wanaojiona wa mjini. Kisha ubishi ukaanza. Mwenzetu aliyezaliwa Handeni alishika shina moja akasema huo si mlenda. Mlenda wa kwao una jani jembamba na refu, ua lake ni la zambarau mfano wa tarumbeta, na ukikauka unatoa mbegu kama za ufuta. Naye alikuwa anasema kweli. Ule ni ufuta wa porini, ndugu wa huu ufuta tunaokamua mafuta, na majani yake yanateleza vilevile. Mwingine akakumbuka kwamba aliwahi kununua Dodoma mlenda wa unga, uliokaushwa juani ukatwangwa, na hadi leo hajui ulikuwa jani gani. Kumbe mlenda katika Kiswahili chetu si jina la mmea mmoja tu. Ni jina la ule utelezi. Jani lolote linalovutika kwenye sufuria linaweza kuitwa mlenda, na mtu akishalijua jina hudhani ameujua na mmea.

Binti hakubishana na mtu. Alichuchumaa, akatandaza majani kwenye ungo, akaanza kutuonyesha. Jani la mlenda wake lina meno madogo pembeni kama ya msumeno, yamepangana sawasawa. Pale chini, karibu na kikonyo, yale meno mawili ya mwisho yamerefuka yakawa nyuzi mbili nyembamba, moja kila upande, kama sharubu za kambale. Tulisogeza macho. Aliyesahau miwani alipisha wengine. Ni kweli, zilikuwapo, nasi tulikuwa tumekula mlenda miaka yote bila kuziona. Ua ni dogo la manjano, upana wake kama ukucha wa kidole.

Lakini alituambia kwamba kwao mtoto hafundishwi jani wala ua. Anafundishwa tunda. "Jani likiwa changa linadanganya, mama. Bibi alikuwa anatuambia, kama hujaona tunda lake, pita."

Tunda lenyewe si la kula. Ni ganda refu jembamba, limekaa kama bamia iliyokonda kwa njaa, nalo likikauka hupasuka na kumwaga mbegu nyeusi ndogondogo. Siku ile alituonyesha aina mbili. Moja tunda lake ni nene kidogo, lina miinuko kutoka juu hadi chini, na mwisho wake ni ncha moja tu. Ya pili tunda lake ni jembamba kama njiti, na ukiangalia mwisho wake unakuta vijipembe vitatu vimeachana. "Huu wenye meno matatu ndio mtamu," alisema. Sisi ni watu wa kanisani na tulilikumbuka lile fundisho la Injili kuhusu mti na matunda yake, tukatazamana tukatabasamu. Tulikuja kulikumbuka tena siku chache baadaye, lakini hapakuwa na wa kutabasamu.

Usiku ule alipika. Alichambua majani machanga na ncha, akayakata, akayatia kwenye maji yanayochemka, akapekecha kidogo, kisha nyanya, kitunguu na karanga za kusaga. Magadi hakutia. Hapo tulimwuliza, maana wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mlenda bila magadi haulainiki. Alisema ukiuchuma mchanga hauhitaji. Baadaye tulisoma kwamba magadi kweli huharibu baadhi ya vitamini za mboga, hasa vitamini C, kwa hiyo binti alikuwa mbele yetu hata katika hilo. Tulikula kwa ugali. Mmoja wetu asiyependa vitu vinavyoteleza alikula macho ameyafumba, akaongeza.

Kwa wiki mbili mfululizo mlenda ulituokoa. Nasi tukaanza kuchuma wenyewe. Hapo ndipo tulipokosea, tuliona kazi yake kuwa ni rahisi.

Ilikuwa Alhamisi. Mtoto wa mwenzetu, wa kiume, miaka 4, alilala vizuri baada ya chakula cha jioni. Kama saa nne usiku mama yake alisikia anaongea peke yake. Aliwasha taa akamkuta ameketi kitandani, uso mwekundu, ngozi inachoma kama pasi lakini haina jasho hata tone. Mikono yake ilikuwa inakamata vitu hewani, kama mtu anayeshika panzi. Alipomwita kwa jina hakugeuka. Alipompa maji hakuweza kumeza, ulimi ulikuwa mkavu kama karatasi. Mama alipiga kelele, nasi wote tukatoka na khanga moja moja.

Bibi wa mtoto naye alikuwa hajisikii vizuri. Koo limekauka, moyo unamwenda mbio, na hakuweza kusoma namba kwenye simu yake. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja wagonjwa walikuwa wawili, mmoja mdogo na mmoja mzee. Tulitafuta bajaji, tukaipata kwa bei ya usiku, tukaenda.

Daktari wa zamu alikuwa kijana. Alimulika macho ya mtoto kwa tochi. Mboni zilikuwa zimetanuka hadi karibu zimejaza jicho, na mwanga haukuzisogeza. Hakuanza na habari za malaria. Aliuliza, "Amekula nini?" Mama akasema ugali na mboga. "Mboga gani?" Akajibu mboga ya kuchuma, ameipika dada. Daktari akasema dalili hizi anazijua, zinatokana na majani au mbegu za mmea wenye sumu, na asubuhi aletewe mabaki ya mboga ile, mabichi kama yapo. Mtoto alilazwa, akawekewa dripu, akawa anapozwa kwa kitambaa cha maji usiku kucha, huku wawili wetu tukimshika mikono asijing'oe sindano.

Sasa fikiria nyumbani palikuwaje. Baba wa mtoto alirudi kutoka kazini kwake usiku ule ule, hajala mboga, akakuta nyumba tupu na binti amesimama jikoni. Aliuliza nani amekula na nani hajala. Ikaonekana binti hakula mboga. Aliwapakulia wengine ikaisha, yeye akala ugali na dagaa waliobaki. Msichana wa kazi kukosa mboga si jambo la ajabu katika nyumba zetu, nasi tunalijua hilo vizuri kuliko tunavyopenda kulisema. Lakini usiku ule jambo hilo liligeuka ushahidi. Kwa nini yeye hakula? Alijua nini? Neno "sumu" lilipotamkwa halikurudi tena mdomoni. Baba alisema asubuhi binti apande basi arudi kwao, na mshahara wake wa mwezi utaingia kwenye gharama za hospitali.

Sisi tulifanya nini? Tulikubali. Mmoja wetu alisema kwamba hawa watoto wa mbali huwezi kujua wametoka na nini. Wengine tulitikisa kichwa.

Asubuhi tulitafuta mabaki. Sufuria ilikuwa imeoshwa, lakini ndoo ya maganda ya kuku ilikuwa bado na vikonyo na majani yaliyotupwa wakati wa kuchambua. Tulimwaga yote kwenye mkeka. Binti alikuwa amekwisha kufunga begi lake. Akasema, "Mama zangu, kabla sijaenda, naomba niyatazame." Akachuchumaa palepale alipotufundishia wiki mbili nyuma. Akaweka upande mmoja mlenda: hizi hapa nyuzi zake mbili, hili hapa tunda lenye meno matatu. Akaweka upande wa pili mchicha, ambao jani lake halina meno kabisa. Yakabaki majani kama sita, laini, mapana, pembeni yamekatikakatika ovyo bila mpango, na yakifikichwa yana harufu nzito ya kuchukiza. Aliyasukuma mbali kwa kidole.

"Haya sikuyachuma mimi," alisema. "Yalikuja ndani ya mchicha."

"Mchicha wa nani?"

Hakujibu. Aliangalia chini.

Alimjua. Fungu lile la mchicha lilipitishwa juu ya ukuta jioni ya Alhamisi na mmoja wetu, aliyerudi na mboga nyingi akawagawia jirani, kama tulivyozoea. Binti ndiye aliyelipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Lakini mtu anayemwamkia kila asubuhi, mtu wa umri wa mama yake, angemtajaje mbele ya watu? Alinyamaza. Aliyeleta fungu alinyamaza. Na sisi wengine, tuseme ukweli wote, wawili wetu tuliliona fungu lile likipita ukutani, nasi tukanyamaza pia, tukijiambia kwamba hatuna hakika. Saa nne asubuhi binti alipanda daladala ya kwenda Mbezi, kwenye kituo cha mabasi ya mikoani, na begi lake moja.

Majani yalipelekwa kwa daktari. Alitwambia ni mnanaha, mmea unaopenda kuota kwenye majalala na viwanja vilivyoachwa, na kwamba sumu yake haiondolewi kwa kuchemsha.

Ilipofika saa tisa alasiri mwenzetu alikuja. Hakuketi. Alisema, "Ni mimi." Alikuwa amechuma Alhamisi jioni kando ya jalala, kule bondeni, mwavuli mkono mmoja, giza linaingia, akiona kila kilicho laini ni mchicha. Alitupeleka akatuonyesha. Mchicha wa porini ulikuwapo kweli, na katikati yake ilikuwamo michipukizi ile. Hatua mbili kutoka hapo palisimama mmea mama, unafika kifuani, una maua meupe marefu kama faneli. Tunda lake lilikuwa hapo hapo. La mviringo, kubwa kama limau dogo, limejaa miiba mwili mzima. Hakuna mtu mwenye macho anayeweza kuliona tunda lile akadhani ni la mboga. Tulisimama kwenye matope tukalitazama, na hakuna aliyesema neno.

Tulimpigia binti simu. Alipokea akiwa Gairo, basi limesimama watu wanakula. Mwenzetu aliomba azungumze mwenyewe, akalia zaidi ya alivyosema. Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda, kisha tukasikia, "Asante mama kwa kunipigia. Mtoto anaendeleaje?"

Mtoto alikaa hospitali siku tatu, akapona. Siku ya pili alimtambua mama yake na kuomba uji. Bibi alipata nafuu siku ya pili vilevile. Baba wa mtoto alimpigia binti mwenyewe akamwomba radhi, jambo ambalo kwa tabia yake si dogo. Tulichanga mshahara wake na nauli, kwa zaidi kidogo, tukautuma kwa simu, na kumwomba arudi. Alisema atafikiri. Hakurudi.

Kwa hiyo tulibaki na kiwanja bila mwalimu. Mmoja alipendekeza tuache kabisa mboga za kuchuma. Wengine tuliona kwamba kufanya hivyo ni kama kumfukuza binti mara ya pili. Tukaenda kwa mama mmoja mstaafu tunayesali naye, aliyefundisha biolojia sekondari kwa miaka mingi, tukambebea kila tulichokiona kiwanjani kimefungwa ndani ya gazeti. Alitoa kioo chake cha kukuzia, akatufanya tuangalie mmoja mmoja kama wanafunzi wa kidato cha pili.

Yeye ndiye aliyetueleza kwamba mlenda wa binti kitaalamu huitwa Corchorus, jina lililowekwa rasmi na Linnaeus, yule bwana wa Sweden aliyepanga majina ya mimea, mwaka 1753. Ule wenye tunda la ncha moja ni Corchorus olitorius, na hilo neno la pili maana yake ni wa bustani ya mboga. Ule wenye vijipembe vitatu ni Corchorus tridens, yaani wenye meno matatu. Tulishangaa. Linnaeus hakufika Kondoa, wala bibi wa Kondoa hakusoma Kilatini, lakini wote wawili walitazama mwisho wa tunda lile lile wakahesabu meno.

Mlenda huu uko katika ukoo mmoja na bamia, pamba, choya na mbuyu. Ndiyo maana unateleza kama bamia. Wamisri huupika kama mchuzi na kuuita molokhia, Wayoruba wa Nigeria huuita ewedu, na jirani zetu Waluo wa Kenya huuita apoth. Na gunia? Gunia la zamani, lile la nyuzi tulilobebea mahindi kabla ya haya ya plastiki, limefumwa kwa nyuzi za juti, na juti ni shina la Corchorus, hasa kutoka India na Bangladesh. Tulikuwa tukipangusia miguu mlenda mlangoni.

Mimea ya namna hii ni ya msimu mmoja. Inaota na mvua, inachanua, inazaa na kufa kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo wakati wa kuifahamu vizuri ni mwishoni mwa masika, matunda yakiwa yamekomaa, ingawa wakati wa kuila ni mwanzoni, majani yakiwa machanga. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa mama wa mjini. Binti alikuwa anaijua mwaka mzima, miaka yote ya utoto wake. Sisi tulitaka kuijua Alhamisi jioni.

Kati ya tulivyopeleka, kimoja kilimtatiza hata mwalimu kwa muda. Majani yake yalikuwa na meno na zile nyuzi mbili, ua manjano, lakini tunda lilikuwa fupi na nene, kama sentimita mbili na nusu, na ubavuni lilikuwa na mabawa. Ndiyo, mabawa: lina miinuko sita hadi nane kutoka juu hadi chini, na mitatu au minne kati yake imetoka nje ikawa myembamba kama pezi la samaki. Mwisho wake una vijipembe vitatu, na kila kimoja kimepasuka ncha. Tulidhani ni kitu kingine kabisa. Mwalimu alikata tunda katikati kwa wembe, akahesabu vyumba vya mbegu, akafungua vitabu vyake, akasema huu nao ni Corchorus, unaitwa aestuans. Majani yake pia huliwa sehemu mbalimbali za dunia. Mabawa yake yalitufundisha jambo ambalo hatukulitegemea: kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana matunda namna hiyo, na bado ukitazama jani, ua na tunda kwa pamoja unaona undugu.

Alitutenganishia pia majani yale magumu yanayofungwa mafagio ya uani. Nayo yana meno na ua la manjano, na ni ya ukoo ule ule, lakini hayana nyuzi mbili, shina lake halikatiki kwa ukucha, na tunda lake si refu, ni kifungo kidogo kinachogawanyika vipande kama chungwa. Hayo si sumu. Ni kupoteza kuni tu.

Kuhusu mnanaha, alitwambia hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1676, huko Jamestown katika Virginia ya Marekani, askari wa Kiingereza walichuma majani machanga ya mnanaha wakayapika kama mboga, wakarukwa na akili kwa siku 11, mmoja akipuliza unyoya hewani, mwingine akiurushia vijiti. Habari hiyo iliandikwa kitabuni mwaka 1705 na Robert Beverley. Na karibu zaidi na kwetu, mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe uliogawiwa kwa watoto na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha ulikutwa umechanganyika na sumu ya mmea huu. Watu karibu 300 waliugua na 5 wakafariki. Inadhaniwa mbegu zake ziliota na kuvunwa pamoja na soya. Aliposoma hayo mwenzetu aliyechuma alitoka nje akakaa peke yake chini ya mwembe, nasi tukamwacha.

Basi kiwanjani tumeendelea kuchuma, lakini kwa utaratibu. Mboga inachumwa mchana kweupe, haichumwi jioni. Kila jani linachambuliwa kwenye ungo, moja moja, kabla ya kukatwa, maana likishakatwa hakuna awezaye kulitambua. Matunda yaliyokomaa hatupiki wala hatuwaachii watoto kuyachezea. Mbegu za mlenda, pamoja na uzuri wote wa majani yake, ni chungu na zina sumu inayogusa moyo. Hilo hatukulijua, na tunadhani wengi hawalijui.

Na bondeni hatuchumi tena, hata kile tunachokijua. Mwaka 1999 wataalamu walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi hapa Dar es Salaam, wakaonyesha kwamba zilikuwa na madini kama risasi na kadmi. Ukisafisha mara kumi huyaondoi, kwa kuwa yako ndani ya jani. Wale wenzetu wa Kinondoni na Ilala wanaonunua mboga asubuhi mapema kwa baiskeli, muulizeni muuzaji ametoa wapi. Akikasirika, basi.

Kuna akina mama wajawazito wanaoambiwa wale mlenda kwa wingi ili mtoto ateleze. Mwalimu alicheka sana kwa hilo. Mlenda unakwenda tumboni, alisema, hauendi kwa mtoto kumpaka mafuta. Lakini aliongeza kwamba mjamzito aule tu, kwa madini ya chuma na foliki iliyomo, na kliniki aende vilevile. Kwenye kituo cha utafiti wa mboga kule Tengeru, Arusha, wanakusanya na kutunza mbegu za mboga za asili, mlenda ukiwa mmojawapo, kwa hiyo si chakula cha njaa tu kama tulivyokuwa tukiamini.

Binti sasa yuko Dodoma mjini, ana genge lake dogo. Anauza nyanya, vitunguu, na mlenda wa unga anaoukausha mwenyewe. Mwaka jana alitutumia mfuko mmoja kwa basi, umeandikwa jina la mtoto. Mwenzetu aliyechuma ndiye aliyekwenda kuupokea Mbezi, hakutaka mwingine aende.

Masika haya kiwanja kimeota tena. Wiki iliyopita tulimpigia picha mimea mitatu tukamtumia kwa simu. Ya kwanza ilikuwa ule wenye meno matatu. Alijibu, "Huo wenyewe." Ya pili ilikuwa tunda la mabawa. Alisema kwao upo, ni mgumu kidogo, tuchume ncha tu. Ya tatu lilikuwa jani zuri, laini, lenye meno, lakini mmea ulikuwa bado mchanga na tunda halijatoka. Tulisubiri kidogo. Akaandika: "Piteni." Halafu akauliza kama mtoto ameshaanza shule.